TAHARIRI: Kaunti yako ina afya gani? Usikubali kufichwa na wastani wa nchi

Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya corona na vijana wengi wakiwa nyumbani na simu zao, taarifa moja ilitikisa nchi. Wasichana karibu 4,000 wa Kaunti ya Machakos walikuwa wajawazito. Haikuchukua hata siku moja kila mtu kupata wa kulaumu. Wengine walilaumu wazazi, wengine waendeshaji bodaboda, wengine simu. Wasichana wenyewe ndio waliotukanwa zaidi. Na karibu wote waliochangia gumzo hilo walikubaliana kwa jambo moja, kwamba ni kufungwa kwa shule kulikoleta balaa hilo.

Baadaye watu wachache waliketi chini na kuzitazama zile takwimu. Kumbe zilikuwa za kuanzia Januari hadi Mei. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Msichana aliyefika kliniki Februari akiwa mjamzito hakupata mimba hiyo kwa sababu ya amri iliyotolewa Machi. Pili, takwimu hizo zilihusu wasichana wa umri wa miaka 10 hadi 19, maana yake wamo wenye miaka 18 na 19 ambao kisheria ni watu wazima, wengine wameolewa. Tatu, na hili ndilo kubwa, katika miezi iyo hiyo ya mwaka 2019 Machakos ilikuwa imeandikisha wasichana wengi zaidi ya hao.

Hebu fikiria hapo kidogo. Mwaka ambao idadi ilikuwa kubwa zaidi, shule zikiwa wazi na walimu wakiwa darasani, hakuna aliyepiga kelele. Tulipiga kelele idadi iliposhuka. Wale wasichana wa 2019 walipita kimya kimya, wakaacha shule, wakalea, na hakuna aliyewatafuta.

Hatusemi kwamba mimba za mapema si tatizo. Ni tatizo kubwa, na tutaona hivi punde ukubwa wake. Tunachosema ni kwamba nchi inayosoma vibaya takwimu za afya yake hukimbilia kulaumu mahali ambapo ingefaa kutibu. Na kwa kuwa takwimu nyingi kati ya hizi zinawahusu vijana, sisi ndio wa kwanza kuumia.

Kwa hivyo kabla ya kusambaza takwimu yoyote ya afya, jizoeze kuuliza maswali matatu. Kati ya wangapi? Ikilinganishwa na nani, au na lini? Na nani aliyehesabu, kwa njia gani? Ukiyashika hayo matatu, hakuna mwanasiasa wala mtumiaji wa mitandao atakayekuchezea.

Habari njema na kilichojificha ndani yake

Tuanze na hesabu kubwa ya mwisho tuliyofanyiwa. Kati ya Februari na Julai 2022, wahojaji wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) walizuru nyumba zaidi ya 37,000 katika kaunti zote 47. Walizungumza na wanawake zaidi ya 32,000 wa umri wa miaka 15 hadi 49, na wanaume zaidi ya 14,000. Huo ndio unaoitwa Utafiti wa Hali ya Afya na Demografia, maarufu KDHS.

Kuna atakayeuliza, mbona nyumba 37,000 pekee ilhali Kenya ina mamilioni ya nyumba? Jibu lake liko jikoni. Anayepika mchuzi hanywi sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea. Kijiko kimoja kinatosha, mradi awe amekoroga vizuri. Watafiti nao huchagua nyumba kwa kura, kutoka mijini na mashambani, kwa wenye nacho na wasio nacho, ili kile kijiko kiwe na ladha ya sufuria yote.

Kijiko hicho kilionyesha nini? Kwa nchi nzima, mambo mengi yalikuwa yameimarika. Mwaka 2014, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, 52 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 41. Udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao kwa kukosa lishe bora kwa muda mrefu, ulishuka kutoka asilimia 26 hadi 18. Akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 61 hadi 82. Nayo idadi ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata mimba ilishuka kutoka asilimia 18 hadi 15.

Kiongozi yeyote angependa kusimama jukwaani na takwimu hizo, na ana haki ya kufurahi. Lakini asilimia 15 ni wastani, na wastani hauishi mahali popote. Hakuna kijiji kinachoitwa Wastani. Wewe unaishi Samburu, au Nyeri, au Kilifi, au Nairobi.

Katika utafiti uo huo, Samburu ilikuwa na asilimia 50. Yaani ukikusanya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 katika kaunti hiyo, 50 wamewahi kupata mimba. West Pokot ni 36, Marsabit 29, Narok 28. Nyeri na Nyandarua ni watano tu kati ya 100. Msichana wa Samburu na yule wa Nyeri wanabeba kitambulisho cha nchi moja, wanafanya mtihani mmoja wa kitaifa, na viongozi wao huketi katika bunge moja. Ila mmoja ana uwezekano mara kumi zaidi ya mwenzake wa kuwa mjamzito kabla ya kutimiza miaka 20.

Wastani wa asilimia 15 unawafunika wote wawili kwa blanketi moja. Msichana wa Nyeri haonekani alivyofanikiwa, wa Samburu haonekani alivyoachwa nyuma.

Wala tofauti hizi haziishii mpakani mwa kaunti. Mwaka 2000 watafiti wa kituo cha APHRC waliingia katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na kuhesabu huko pekee. Waligundua kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, takriban 151 walikuwa wakifariki kabla ya miaka mitano. Takwimu zilizokuwepo wakati huo zilionyesha Nairobi kwa jumla ikiwa na vifo takriban 62, na maeneo ya mashambani takriban 113. Watu walikuwa wameamini kwamba mtoto wa mjini ana bahati kuliko wa kijijini. Kumbe mtoto wa mabanda alikuwa katika hatari kubwa kuliko wote wawili, ila alikuwa anahesabiwa pamoja na watoto wa mitaa yenye lami, maji ya mfereji na madaktari wa kulipwa. Hakuonekana hadi alipohesabiwa peke yake.

Hilo ndilo linalotufanya tuseme kuhesabiwa ni suala la haki, si la wanahisabati pekee. Asiyehesabiwa hawekwi kwenye bajeti.

Kulinganisha si kuaibishana

Kuna hatari upande wa pili. Takwimu za kaunti zikitoka, wengi wetu huzigeuza kuwa mechi ya soka. Fulani wako mkiani, fulani wanaongoza ligi. Tunaanza kutaniana kwa makabila. Hapo tunapoteza maana yote ya kulinganisha.

Chukua Garissa. Ripoti ya sensa ya 2019 kuhusu vifo ilionyesha kwamba Garissa ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi cha vifo vya akina mama vinavyotokana na ujauzito na kujifungua, yaani vifo 641 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wakiwa hai. Nyeri ilikuwa na 67. Ukisoma hapo tu utasema Garissa ni kaunti mgonjwa. Sasa geuza ukurasa, soma udumavu wa watoto katika utafiti wa 2022. Kilifi iko juu kabisa kwa asilimia 37. Walio chini kabisa kwa asilimia tisa ni Kisii na, ndiyo, Garissa.

Je, Garissa ina afya au haina? Swali lenyewe si zuri. Kaunti haina afya moja. Kuna kinachofanya watoto wa Garissa warefuke vizuri, na kuna kinachowaua mama zao leba ikianza. Cha kwanza kinafaa kuchunguzwa ili wengine wajifunze. Cha pili kinafaa kuchunguzwa ili kikomeshwe: ni umbali wa hospitali, ukosefu wa ambulensi, ukosefu wa damu, au wakunga ni wachache? Kulinganisha kazi yake ni kutuonyesha pa kuchimba. Mtu anayelinganisha ili apate wa kucheka ameishika jembe kwa upande wa makali.

Tena lazima tulinganishe kwa kipimo kimoja. Hospitali kubwa ya rufaa huwa na vifo vingi kuliko zahanati ya kijijini, si kwa sababu madaktari wake ni wabaya, bali kwa sababu zahanati humtuma huko kila anayezidiwa. Wakati wa corona tulikuwa tukisubiri taarifa ya kila siku ya Wizara ya Afya, na siku ambayo visa vilipungua tulishangilia, bila kuuliza kama siku hiyo waliopimwa walikuwa wachache pia. Ukipima watu wachache utapata wagonjwa wachache. Hilo si kupona.

Kwa mataifa ni vivyo hivyo. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama vilikuwa vimeshuka hadi 104 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa, kutoka 556 katika utafiti wa 2015 na 2016. Sensa yetu ya 2019 ilitupa 355. Anayezisoma harakaharaka atasema majirani wametupita zaidi ya mara tatu. Lakini hiyo ni kupima kitambaa kimoja kwa futi na kingine kwa mita, kwa sababu moja ni sensa na nyingine ni utafiti wa nyumba chache. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hutumia njia moja kwa nchi zote, na makadirio yao ya mwaka 2020 yalikuwa 238 kwa Tanzania na 530 kwa Kenya. Kwa hivyo hata kwa kipimo kimoja, mwaka huo majirani walikuwa mbele. Ila tofauti haikuwa ile tuliyoidhani mwanzoni, na sasa tunaweza kwenda kuwauliza wamefanya nini bila kubishana kuhusu rula.

Umeona lakini? Kenya moja, takwimu mbili. Sensa ya 2019 ilisema 355, Umoja wa Mataifa ulikadiria 530 kwa mwaka 2020. Hakuna anayedanganya hapo. Sensa ilienda nyumba kwa nyumba ikawauliza watu nani amefariki. Umoja wa Mataifa uliunganisha vyanzo vingi na kukadiria kwa hesabu za kitaalamu. Tofauti ya namna hiyo huja pale ambapo nchi haina daftari kamili la waliokufa. Lengo la dunia ni kwamba kufikia 2030 vifo hivyo viwe chini ya 70 kwa kila watoto 100,000. Tutajuaje tumefika ilhali hatuna uhakika tulipo?

'Baada ya kuugua kwa muda mfupi'

Hapa ndipo penye kidonda. Sheria ya Kenya inataka kila kizazi na kila kifo kisajiliwe. Vizazi tunasajili kwa wingi, kwa sababu bila cheti cha kuzaliwa mtoto atapata taabu shuleni. Vifo je? Ni takriban nusu tu vinavyofika kwenye daftari la serikali.

Sababu tunazijua kwa sababu tunaishi nazo. Mtu akifia hospitalini, karatasi zinaanzia hapo hapo. Akifia nyumbani, familia inapaswa kumpasha habari chifu au naibu wake, ajaze fomu, itolewe ruhusa ya mazishi. Mahali ambapo ofisi iko mbali na mazishi yanafanyika siku hiyo hiyo, nani atakumbuka fomu? Familia nyingi husaka cheti cha kifo pale tu panapokuwa na shamba la kurithi, akaunti ya benki au pensheni. Kwa hivyo anayesajiliwa zaidi ni mzee mwenye mali. Mtoto mchanga aliyekufa siku ya tatu, ambaye hana shamba wala akaunti, huzikwa nyuma ya nyumba na jina lake likaishia hapo.

Hata tunaposajili, chanzo cha kifo mara nyingi hakijulikani. Sikiliza matangazo ya vifo redioni. Amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Au baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ni heshima yetu kwa marehemu, na hakuna anayetaka siri za familia zitangazwe. Lakini nchi nzima haiwezi kuugua kwa muda mfupi. Ilikuwa ni presha? Kisukari? Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ina chanjo? Ajali ya pikipiki? Kijana wa miaka 22 aliyejitoa uhai na familia ikaogopa kusema? Kila jibu kati ya hayo linahitaji dawa yake. Lisiposemwa hata kwa msajili, bajeti haitengwi.

Inawezekana kufanya vyema zaidi, na ushahidi uko hapa hapa nchini. Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome wamekuwa wakifuatilia wakazi wa eneo moja la kaunti hiyo tangu 2000, wakizuru nyumba mara kwa mara kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, APHRC ilianza kazi kama hiyo miaka michache baadaye. Mtu akifariki nyumbani, anayehojiwa ni ndugu aliyemuuguza: alikuwa na homa? Alikohoa kwa muda gani? Alivimba miguu? Kutokana na majibu hayo madaktari hukadiria kilichomuua. Kama Korogocho inawezekana, kwani ni wapi haiwezekani?

Kufika hospitalini na kutibiwa

Kuna takwimu moja katika utafiti wa 2022 ambayo haikuvuma, na tunadhani ndiyo iliyofaa kuvuma kuliko zote. Watoto wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 22 kwa kila 1,000 mwaka 2014. Mwaka 2022 walikuwa 21. Miaka minane, mmoja tu. Lengo la 2030 ni wasizidi 12.

Sasa weka hiyo kando ya ile ya akina mama wanaojifungulia katika vituo vya afya, iliyoruka kutoka asilimia 61 hadi 82. Akina mama waliitikia wito. Waliambiwa waache kujifungulia nyumbani, nao wakaacha. Wakapanda bodaboda usiku, wakalipa nauli, wakafika. Mbona basi watoto wao wanaendelea kufariki karibu kwa kiwango kile kile?

Takwimu hazijibu kila kitu, ila zinakuelekeza mlango wa kubisha. Kama mama amefika na mtoto bado anafariki, basi tatizo halimo tena kwa mama. Tuangalie ndani ya wodi: kuna oksijeni? Kuna mashine ya kumpasha joto mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati? Zamu ya usiku ina wauguzi wangapi kwa watoto wangapi? Wahudumu wamelipwa au wako kwenye mgomo? Hayo ni maswali ya serikali za kaunti, kwa maana tangu 2013 hospitali zetu nyingi ziko chini ya magavana. Bila takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja, wanasiasa wangeendelea kutuambia akina mama ndio wakaidi.

Nani atalipa hesabu ijayo?

Tangu 1989 Kenya imefanya tafiti saba za aina hii, na kwa muda huo wote msaada mkubwa wa fedha na utaalamu ulitoka kwa Wamarekani kupitia shirika lao la misaada, USAID. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilivunja shirika hilo na mpango uliokuwa ukisaidia tafiti hizi katika nchi nyingi duniani ukasimamishwa. Kwa wengi wetu habari ilikuwa ni dawa za ARV na kliniki zilizofungwa, na ni kweli hayo yalikuwa machungu zaidi. Lakini pamoja nayo ilizimwa taa tuliyokuwa tukijiangalizia.

Hatuwalaumu waliotusaidia kwa zaidi ya miaka 30. Tunajiuliza sisi wenyewe inakuwaje taifa linalojitegemea liliacha wengine walipie kioo chake. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika, wetu akiwemo, waliahidi kule Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo imezeeka kuliko wasomaji wengi wa ukurasa huu, na bado haijatimizwa.

Msimamo wetu ni huu. Utafiti ujao wa afya ulipiwe na Hazina ya Kitaifa, uwe na fungu lake katika bajeti kama ilivyo sensa, usisubiri mfadhili. Usajili wa vifo uwafikie wafiwa mahali walipo. Nchi hii ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliokabidhiwa simu na vifaa mnamo Septemba 2023. Wanaingia katika nyumba zetu. Wapewe mamlaka ya kumjulisha msajili kuhusu kizazi au kifo kupitia simu hiyo hiyo, na walipwe kwa wakati, kwa sababu malalamiko ya kucheleweshwa kwa posho yamesikika katika kaunti kadhaa na mtu mwenye njaa hahesabu vizuri. Tatu, kila kaunti ibandike takwimu zake kuu za afya kwa kila wadi, kila baada ya miezi mitatu, kwenye ukuta wa kila kituo cha afya na kwa lugha ambayo bibi yako anaielewa. Zisifungiwe kwenye kompyuta za wakurugenzi.

Wewe je, utafanya nini?

Usiseme huna uwezo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema unaweza kuandika ombi lako kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa anapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Hulazimiki kueleza unataka habari hizo za nini. Ukinyimwa, kuna Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile tunayoiita Ombudsman.

Basi kaa na wenzako, kwenye chama, kwenye timu ya mpira au kikundi cha kanisa au msikiti, mwandike barua moja kwa idara ya afya ya kaunti. Ulizeni vitu vitatu tu. Mwaka jana ni akina mama wangapi walifariki wakijifungua katika wadi yetu, kati ya waliojifungua wangapi? Watoto wachanga je? Na wasichana wa chini ya miaka 18 waliofika kliniki wakiwa wajawazito walikuwa wangapi, ikilinganishwa na mwaka uliotangulia? Mkipata majibu, yabebeni hadi kwenye kikao cha umma cha bajeti, mumuulize diwani wenu ni shilingi ngapi zimetengwa kwa kila moja ya hayo. Msipopata majibu, hilo nalo ni jibu, na mliseme.

Nyumbani kwenu pia pana kazi. Akifariki mtu, kijana unayejua kusoma na kuandika ndiye wa kwenda kwa naibu wa chifu, hata kama marehemu hana mali. Mtoto aliyekufa na siku tatu asajiliwe vilevile. Mhudumu wa afya akibisha hodi, mfungulie na umweleze ukweli.

Mwaka 2027 wanasiasa watakuja tena, na kila mmoja atakuja na asilimia zake. Watakuambia afya imeimarika. Wasikilize kwa adabu, kisha uwaulize: imeimarika wapi, kwa akina nani, tangu lini, na katika wadi hii je? Anayejua kazi yake atajibu. Asiyejua ataanza kukuimbisha wimbo wa chama. Hapo utakuwa umepata takwimu ya kutosha ya kupigia kura.